Kioo Namba Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga. Kurasa tatu za mwanzo bado zina viuno vya watu, na kwa kuwasitiri wenyewe nimezibandika kwa gundi. Kuanzia wa nne ni mimi.

Nina miaka hamsini na mmoja na leo nimeanza kujifunza kazi. Cherehani nimeifunika shuka. Kwa miaka ishirini na sita nimepunguza suruali za wanaume waliokonda na kuzipanua tena wakinenepa, hadi mwezi uliopita nikajikuta nimeishika suruali moja kwa mara ya nne. Nikajiuliza, hivi nitazeeka nikilifuata tumbo la mtu huyu? Nataka kushona kitu kisichonenepa. Nikaenda karakana ya nyuma ya mtaa wetu, wanakochomelea mageti na madirisha.

Fundi mwenyewe wanamwita Macho Makavu. Ana miaka thelathini kazini na hajawahi kujifunika uso. Alinitazama kwa kunikazia kidogo, kama mtu anayesoma bei.

"Mama, umepotea. Wanaoshona wako barabara ya pili."

"Nimetoka huko."

"Utaniharibia vijiti vyangu vya kuchomelea."

"Nitaviharibu. Ndiyo maana ya kujifunza."

Akacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichonipa nafasi. Makubaliano ni haya: nitajifunza mpaka masika yaishe. Mvua zikikata nitatengeneza geti dogo peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Likipita, nitapewa pembe iliyo karibu na mlango, yenye meza ya chuma na soketi yake, iliyoachwa na fundi aliyehama. Lisipopita, shuka inavuliwa cherehani.

Sharti lake ni moja. "Hapa kwangu hakuna kujifunika. Uso wa fundi ndio saini yake."

Wanavyofanya ni hivi. Mtu anatazama pale anapotaka kuunga, anaweka ncha ya kijiti, anatamka "Macho", wote waliopo wanageuza shingo. Kisha naye anafumba yake na kuupeleka mkono kwa kusikiliza. Fundi anasema chuma kikikaanga kama vitunguu uko sawa, kikikohoa umeinua mkono, kikinyamaza umenata. Wanafunzi wanaruhusiwa miwani ya jua iliyoning'inia kwenye msumari, moja kwa karakana nzima, mkono wake mmoja umefungwa kwa waya.

Sikumwambia jambo moja. Nina jicho moja la kazi na jingine la mapambo. Surua ililipitia la kushoto nikiwa na miaka minne. Linaona mwanga na vivuli, halioni uzi. La kulia ndilo lililotunga sindano miaka yote hii. Sina la akiba.

Jumanne, 4 Machi

Nimenata mara kumi na tisa. Shemeji, mmoja wa mafundi wawili wa pale (yeye kila mtu humwita shemeji, naye tumemrudishia jina lake), alizihesabu kwa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbili sikuandika kwa sababu sikuona.

Alhamisi nilichomelea asubuhi nzima na ile miwani ya msumari. Nilijiona fundi. Nilifumba, nikafumbua kidogo kuchungulia, nikafumba, nikachungulia tena. Unafumbaje macho mbele ya kazi yako mwenyewe? Hata mtoto hapewi supu afumbe macho.

Jioni nilipokuwa namenya viazi, mtu akanimwagia mchanga machoni. Ndivyo nilivyodhani. Nilimgombeza mume wangu, ambaye alikuwa chumba kingine akipiga pasi. Kisha machozi yakaanza, na kila nilipopepesa ni kama kope zimeota miiba kwa ndani. Mume wangu alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na barabarani ameona mengi. Alichukua kiazi nilichokuwa nimemenya, akakikata vipande viwili, akanibandika.

"Mafundi ndivyo wanavyofanya," akasema.

"Kinaponya?"

"Hapana. Lakini ukiwa na kiazi usoni huwezi kutoka kwenda kuongeza."

Wifi yangu, dada yake, alikuja Ijumaa kunijulia hali na kufurahi. "Wifi, watu wanapofushwa na Mungu. Wewe umelipia nauli."

Sikumjibu kwa sababu sikujua amekaa upande gani.

Leo nimepelekwa kliniki. Muuguzi wa macho ni mwanamke mfupi mwenye mikono baridi. Alipomaliza kunimulika akaniuliza nilivaa nini. Nilipomwambia miwani ya jua, akaweka tochi mezani taratibu, kama mtu anayejizuia kurusha.

"Mama, nyuma ya kioo kile cheusi mboni inadhani kumeingia giza, inafungua mlango wote. Ukali wa mwanga unaupunguza, hiyo ndiyo raha unayosikia. Lakini ile miale usiyoiona inaweza kupita kama mwenye nyumba."

"Kwa hiyo ni kama sikuvaa?"

"Asiyevaa angalau anaogopa."

Akasema safari hii jicho litapona lenyewe, ni ngozi yake ya juu iliyoungua. Kisha akalimulika la kushoto, akarudi la kulia. "Hili moja tu?"

"Hilo moja."

"Basi wewe huna ruhusa ya kujaribu mara mbili. Tafuta kofia ya kuchomelea yenye kioo chenye namba. Usipoona namba, usivae."

Mume wangu alidhani nitaiacha kazi. Hakusema, ila njiani aliuliza kama cherehani inahitaji mafuta. Nilimwambia inahitaji kupumzika.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kubwa. Nimeshinda duka la vifaa.

Muuza vifaa humwita kila mtu mteja wa moyoni. Aliniletea kwanza miwani ya jua, nyeusi zaidi.

"Hii mafundi wote wanaitaka."

"Ndiyo maana nimewaona kliniki."

Akaleta miwani ya plastiki nyeupe. Hiyo nikaitenga, ni nzuri kwa kugonga ukoko, lile gamba linalobaki juu ya mshono, na kusaga kwa grenda, lakini mbele ya moto wa kuchomelea ni sawa na kujifunika neti. Akaleta ya kijani ya duara. Namba tano, imeandikwa pembeni. Hiyo ni ya wanaochomelea kwa gesi, moto wao ni mpole. Mwishowe akashusha kofia yenye dirisha mbele, akaipangusa vumbi kwa kiwiko.

Mimi kitu cha kuvaa sikinunui bila kukigeuza ndani nje. Niligeuza. Ukanda wa kichwa sawa, skrubu za pembeni zinakaza, kidevu kinafunikwa mpaka shingoni. Kioo sasa. Nilikitafuta namba pande zote nne kama mtu anayetafuta chawa.

"Haina namba."

"Mteja wa moyoni, namba ya nini? Unataka kukipigia simu?"

"Nataka kujua kinazuia kiasi gani."

"Ni cheusi. Cheusi ni cheusi."

Nilikielekeza kwenye balbu ya dukani kwake. Niliona balbu, niliona waya wake, niliona na yeye mwenyewe akimkonyeza msaidizi wake. Nikamrudishia. Alisaga meno kidogo, akapanda ngazi, akashuka na boksi la vioo lenye vumbi la miaka, na humo kila kimoja kimechorwa namba yake kwenye ukingo: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nilipoweka cha kumi mbele ya ile balbu, duka zima likazimika, ikabaki alama hafifu kama kovu la sindano. Vijiti vyangu ni vyembamba na moto wa mashine ni wa kati, kumi kinanitosha. Fundi wa vijiti vinene angepanda kumi na moja.

"Kuna ile inayojifanya nyeusi yenyewe ukiwasha," akasema, sasa akiniogopa kidogo. "Ya kisasa."

"Nina mume mstaafu. Kitu kinachoamua chenyewe wakati wa kufanya kazi ninacho nyumbani."

Nilichukua kofia, kioo namba kumi, na vioo viwili vyeupe vya kukaa mbele yake, maana cheche hula kioo na ni heri zikile cha bei ndogo. Nikachukua glavu za ngozi ndefu hadi kiwiko, nyundo yenye ncha ya kugongea ukoko, brashi ya waya, na kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Kopo ni la vijiti. Kwa mvua hizi vinanyonya unyevu kama biskuti, ndiyo maana vilikuwa vinanata. Si vyote, kumi hivi ni kosa langu.

Aproni alitaka kuniuzia, nikamtazama tu. Akasema samahani.

Nimeishona jioni. Kitambaa cha jinzi nzito, maana pamba ikishika cheche inatoboka na kunuka, ila nailoni inayeyuka na kukukumbatia. Haina mfuko mbele. Na suruali ya kazi nimekata mapindo ya chini yote mawili, kwa sababu pindo ni bakuli. Cheche ikidondoka humo inakaa na kupika kifundo cha mguu. Miaka ishirini na sita nimepinda suruali za watu, leo nimeukata mkate wangu kwa mkasi wangu.

Jumanne, 11 Machi

Nilivyoingia na kofia, grenda ilizimwa. Grenda haizimwi pale hata kwa msiba.

Shemeji alianza. "Shemeji, umevaa chungu."

"Chenye dirisha," nikasema. "Ili nione wanaonicheka."

Fundi alikuja polepole, akaigusa kofia kwa vidole, akapapasa dirisha. "Toa."

"Sitoi, Fundi."

"Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana kabla sijaungua."

"Kila mtu anaungua. Unaungua, unazoea. Mimi niliungua mara tatu mwaka wa kwanza, mpaka leo sijatoa chozi."

"Mimi nina jicho moja, Fundi. La kushoto halioni. Nikizoea na hili, nimezoea giza."

Akaondoa mkono kwenye kofia. Nilidhani amelainika. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuniweka. Alinionyesha ukingo wa banda, pale bati linapovuja. "Chungu kitakaa kule. Jifunze nacho utakavyo. Lakini siku ya geti utalichomelea uso mtupu, mbele yangu, au pembe hupati."

"Siku hiyo ikifika tutaongea."

"Hakuna kuongea."

"Basi nitaongea peke yangu, nimezoea. Nimeolewa na dereva."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nasimama juu ya ubao nisipigwe na umeme. Shemeji anasema naonekana kama ninahutubia.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeona.

Sijui niiandikeje. Siku tatu nilikuwa nashusha dirisha na kupotea. Gizani kwanza huoni hata mkono wako. Unaweka ncha ya kijiti pale pale kabla ya kushusha, unashikilia, unatikisa kichwa kofia ianguke mbele, ndipo unakwaruza kama kiberiti. Leo mkono ulitulia. Moto ukawaka, na nyuma ya kioo namba kumi haukuwa jua, ulikuwa mwanga wa kijani kama wa taa ya mbali, na chini yake kulikuwa na kidimbwi.

Chuma kilikuwa maji. Kidimbwi kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati, kinang'aa, kinatetemeka, na ukoko unaelea nyuma yake kama utando wa maziwa. Kila nikisogeza mkono kinasogea nami. Kikifika ukingo wa chuma cha pili kinasita, kinaulamba, kisha kinaunywa. Ukienda haraka kinakonda. Ukikawia kinatoboa. Kila kitu ambacho Fundi hukieleza kwa vitunguu na kikohozi kilikuwa pale, wazi, kinaniambia chenyewe.

Nikanyanyua dirisha, nikawatazama wale watatu. Shemeji alitamka "Macho", wote wakageuka, naye akafumba. Nikapigwa na wazo lililonifanya nikae chini kwenye ndoo. Watu hawa hawajawahi kuona kazi yao. Wanaiona kabla, wanaiona baada. Wakati inapotokea, hawapo.

Na mimi ndiye wanayesema nimejificha.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nimetoboa bomba nne. Ila nilijua kabla hazijatoboka, na hiyo ni hatua.

Jumatano, 26 Machi

Fundi wa pili wa pale anaitwa Kimya, na jina halikukosewa. Miaka kumi na moja kazini, na tangu nifike ameniambia maneno mawili: "habari" na "sogea". Leo, Fundi alipotoka kwenda kupima mlango wa mtu, alikuja ukingoni kwangu, akasimama kwenye mvujo wa bati, maji yakimshukia begani.

"Niazime."

Nilimvisha mwenyewe, nikamkaza skrubu. Akawasha. Nilijifunika uso kwa mikono na kugeuka, nikawa nasikia tu: inakaanga, inakaanga, halafu ghafla imezima. Nilipogeuka alikuwa amenyanyua dirisha na kijiti bado mkononi.

"Kumbe ni maji," akasema.

Akashusha tena. Akamaliza kijiti kizima, akachukua kingine, changu, kavu, cha kwenye kopo. Nikamwachia. Mtu wa miaka kumi na moja ana haki ya kijiti kimoja.

Shemeji akapiga mluzi. "Naye kaingia chunguni."

Jumanne, 1 Aprili

Kuna jambo nimekuwa nikiliona na kulicheka, na leo nimeacha kucheka.

Fundi hunituma nisome futi. "Mama Pindo," maana sasa ndilo jina langu, "soma hapo, mimi kivuli kinanizuia." Nilidhani ni njia ya kunipotezea muda. Leo alisimama mlangoni, juani, jua lenyewe la mapumziko ya mvua, futi mkononi, akasema kivuli kinamzuia.

Kisha alimimina chai. Kikombe kilikuwa hapa, chai ikaenda pale. Akaweka birika chini haraka na kumgombeza Shemeji kwa kusogeza kikombe. Shemeji alikuwa juu ya paa.

Huwa nasema anakukazia macho kwa kiburi. Kumbe anakutafuta.

Nimemsimulia mume wangu. Amesema, "Dereva asiyeona usiku huwa anapenda sana kusema njia hii anaijua kwa moyo."

Jumatano, 2 Aprili

Kimya amenunua kofia. Kioo namba kumi na moja, yeye anatumia vijiti vinene. Muuza vifaa amemuuliza kama ananifahamu.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika mchana, nikiwa nyumbani, kwa sababu nimefukuzwa.

Tulikuwa na kazi ya mkono wa ngazi, ngazi ya nje ya nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba ni bibi mwenye magoti mabovu. Aliagiza chuma imara kwa sababu, alivyosema mwenyewe, atauegemea mzima mzima. Fundi aliichukua kazi hiyo kwa mkono wake. Nondo za kusimama ishirini na mbili, kila moja imeungwa juu na chini. Asubuhi nilipewa nigonge ukoko na kupiga brashi, kisha Shemeji apake rangi, gari lilikuwa linakuja saa nane.

Ukoko ukatoka vizuri. Chini yake mshono wa Fundi ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuutengeneza, umepangana kama magamba ya samaki, laini, sawa. Nikaenda nondo ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne nikapiga magoti na kuweka jicho langu karibu.

Mshono ulikuwa umelala kando, chini na juu vilevile. Unene wa kidole kimoja kutoka pale nondo inapokutana na ubapa wa chuma. Kulia kwake, ufa mwembamba mweusi unapita mpaka upande wa pili. Mshono wa sherehe, lakini umeshona kitambaa kimoja. Mshonaji anayajua mambo haya. Sindano inapita, uzi upo, unaivuta nguo na mkono wa shati unabaki kwako. Nondo imeshikiliwa na donge dogo la kuiweka kabla ya kuunga, na matumaini.

Nilimwendea Fundi pembeni, kwa sauti ya chini. "Fundi, ya nne imekwenda kando."

"Kando ya nini?"

"Ya kiungo."

"Wewe wa mwezi mmoja unanisomea mshono?"

"Mshono ni mzuri. Hauko mahali pake tu."

Hapo akapaza sauti, na nikajua hataki iishie pembeni. Akasema mbele ya wenzake kwamba chungu kimenipanda kichwani, kwamba kwa miaka thelathini hakuna chuma chake kilichorudi, kwamba mtu anayejificha usoni ataona nini. Shemeji alikuwa ameshafungua kopo la rangi. Gari lilikuwa linapiga honi barabarani.

Nilimfikiria yule bibi na magoti yake. Nikachukua nyundo yangu ndogo, si ile kubwa, nikaigonga nondo ya nne mara moja. Kama unavyobisha mlango wa jirani.

Ikadondoka. Ilibiringika mpaka kwenye kiatu cha Fundi ikasimama.

Fundi alitazama chini, na kilichoniuma si hasira yake. Alitazama mahali ambapo haikuwapo. Aliitafuta kwa mguu.

"Nenda nyumbani, Mama Pindo," akasema. Sauti haikuwa kubwa tena.

Nilivua aproni, nikaikunja, nikachukua kofia, kopo na nyundo. Mlangoni niligeuka. "Nimekwenda. Lakini zigonge zote, Fundi, kabla bibi wa watu hajazigonga kwa mwili."

Ijumaa, 11 Aprili

Wifi amekuja na keki. Ya pole, anasema. Ilikuwa na maandishi ya hongera yaliyokwanguliwa.

"Wifi, si nilikwambia? Mwanamke na moto ni jikoni."

"Jikoni kwangu yuko kaka yako."

Jumapili, 13 Aprili

Nimevua shuka ya cherehani nikaitazama. Nimeirudisha shuka.

Jumanne, 15 Aprili

Kimya amekuja. Alikaa, akanywa chai yote, akaangalia ukuta. Mume wangu, ambaye anapenda mazungumzo, aliteseka sana. Mwishowe Kimya akasema kwa mpigo, kama mtu anayemwaga ndoo:

"Tuligonga zote. Mbili zaidi zimedondoka. Gari lilirudi tupu. Nimezichomelea upya mimi, na kofia. Fundi alishika nyundo mwenyewe, akagonga moja moja akisikiliza. Jana mkewe alimpeleka kliniki. Amesema uje Jumatatu ufanye geti."

"Na uso?"

Kimya alitazama ndani ya kikombe. "Amesema masharti ni yale yale."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Mtu huyu mnafanana," akaniambia.

Sijafurahi. Usiku na mchana wangu wa mwezi mzima nimekuwa nikimtafutia Fundi jina baya, sasa najua anachoogopa, na jina limepotea. Anaogopa kwamba akikubali chungu, atakuwa amekubali kwamba alikuwa na haja nacho tangu mwaka ule wa kwanza. Namwelewa. Ila kumwelewa mtu si kumpa jicho.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua zimekata. Asubuhi ilikuwa na mbingu iliyofuliwa.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya banda, kama hakimu. Vyuma vya geti vimekatwa, vimepangwa chini. Nikavaa aproni, nikavaa glavu, nikachukua kofia.

"Uso mtupu," akasema.

"Hapana, Fundi."

"Basi halihesabiki."

"Lisihesabike. Nitalitengeneza hivyo hivyo."

"Unatengeneza geti lisilohesabika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya geti."

Ningeweza kumwambia kitu kingine. Kulikuwa na mstari wa chaki mezani, na maneno yalikuwa ulimini: niambie basi, Fundi, chaki hii iko wapi. Shemeji alikuwa pale, Kimya pale, na mteja mmoja mlangoni. Niliyameza. Mtu anaweza kukataa kuinama bila kumwangusha mwenzake.

Nikashusha dirisha.

Jumanne, 22 Aprili

Fremu imekaa. Pembe zote nne zimetimia. Fundi hakutoka kitini.

Alhamisi, 24 Aprili

Bawaba zimebaki, na kitasa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilimaliza saa nne asubuhi. Nilipiga brashi mpaka mshono ukang'aa. Si mzuri kama wa Fundi. Umekwenda kama mtu anayerudi kutoka harusini, lakini kila hatua iko barabarani.

Fundi akanyanyuka, akaomba nyundo. Nikampa ile kubwa. Akalizunguka geti, mkono mmoja ukipapasa, akifika kiungo anasimama, anagonga kwa nguvu zake zote, na anainamisha kichwa kusikiliza. Viungo kumi na sita. Kila pigo chuma kilijibu kwa mlio mmoja, mrefu, mzima.

Alipomaliza la kumi na sita akashusha nyundo.

"Geti limepita," akasema. "Wewe hujapita. Sharti ni sharti."

Nilisikia damu ikinipanda. Halafu nikajisikia nikicheka.

"Sawa, Fundi. Basi geti lipewe pembe. Lisimikwe pale, ni pake. Mimi nitakaa nalo tu, kulitunza."

Kimya hakungoja. Alilishika upande mmoja, akamtazama Shemeji, na Shemeji akasema, "Shemeji, mimi siwezi kumnyima geti haki yake," akashika upande wa pili. Kufika saa nane lilikuwa limesimama kati ya nguzo mbili za banda, mbele ya pembe, bawaba zinazunguka bila kilio. Niliingia ndani, nikalifunga, nikapanga kopo langu na brashi juu ya meza ya chuma. Fundi alikuwa amerudi kitini, mgongo kwetu.

Jioni, wenzetu walipokwenda kunawa, nikasikia vidole kwenye chuma.

"Hodi."

Alikuwa amesimama nje ya geti, mkono juu ya kiungo cha juu, pale nilipoanzia Jumatatu.

"Kliniki wamesema ni mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Umri huu bado napata watoto."

"Mapacha, Fundi. Hongera."

"Watanifungua mwezi ujao, moja moja. Wanasema nitaona."

"Utaona."

Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya mshono wangu, kikienda na kurudi.

"Kimya anasema ni maji."

"Ni maji."

"Miaka thelathini," akasema, na hakumalizia. Kisha akatikisa geti kidogo. "Nifungulie."

"Karibu, Fundi. Ila humu ndani uso mtupu hauingii."

Nilidhani ataondoka. Aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kuhakikisha wale wengine hawajarudi, akasikiliza maji yao ya kunawa, akasogea karibu na geti.

"Hicho chungu chako," akasema kwa sauti ya chini, "kinaingia kichwa kikubwa?"

"Kinalegezwa kwa nyuma, Fundi."